Dada mwandishi wa Kanda ya Ziwa, hela ya kufanya ile stori yako ipo, omba hivi

Dada zangu mnaoandika habari huku Mwanza, Sengerema, Ukerewe mpaka Musoma, najua wengi wenu mna stori kichwani mwaka wa pili sasa haijatoka, ofisi haina nauli ya kukupeleka kisiwani na wewe mwenyewe unalipwa kwa stori iliyotoka tu. Hela za kufanya hizo stori zipo jamani, na nyingine zimetengwa kwa wanawake kabisa. Ila kuna namna ya kuomba, mimi mara ya kwanza nilikataliwa na sababu nimekuja kuielewa baadaye sana.

Niliandika "changamoto za wanawake katika sekta ya uvuvi Kanda ya Ziwa". Hiyo ni mada, siyo stori. Mtu aliyekaa Marekani na lundo la maombi mezani haoni mtu yeyote humo ndani. Kwa hiyo kabla hujafungua fomu nenda mwaloni kwanza, pale mitumbwi ya uvuvi inaposhusha samaki. Kaa Igombe, mwalo wa hapa Mwanza, asubuhi moja uangalie, mama kachukua dagaa kwa mkopo, kawamwaga mchangani wakauke, saa nne wingu linatoka ziwani anakimbia na turubai lililotoboka, mvua inapiga, kufika jioni dagaa wameanza kunuka na mteja aliyebaki ni yule wa chakula cha kuku, bei ya kutupa, na mkopo uko palepale. Sasa uliza nani anamkopesha, analipaje siku kama hiyo, kama waliahidiwa chanja za kuanikia ziko wapi na hela yake ilipita kwa nani. Hapo ndo una stori, na ukiandika hivyo hivyo ilivyo, lile neno changamoto hutalihitaji hata mara moja.

Wa kuwaomba sasa. IWMF ni shirika la Marekani la wanahabari wanawake, lipo tangu 1990, na tangu 2015 lina mfuko unaoitwa Howard G. Buffett Fund for Women Journalists. Mnaweza kuomba kikundi, ila nusu ya kikundi au zaidi wawe wanawake na kiongozi awe mwanamke, kwa hiyo mpiga picha wako wa kiume asikutie wasiwasi. Pulitzer Center, nao wa Marekani wanaotoa hela za kufanya stori, hawaangalii jinsia, wanataka maelezo mafupi ya kama maneno 250, makisio ya bajeti, mpango wa stori itatoka wapi, kazi tatu ulizowahi kutoa, wadhamini watatu na CV. Earth Journalism Network ni wa mazingira, na ziwa letu lote ni mazingira, samaki, maji machafu, vizimba vya kufugia samaki, magugu maji. Hawa mara nyingi wanakubali stori itoke kwa Kiswahili ukiweka tafsiri ya Kiingereza. Madirisha yanafunguliwa na kufungwa kwa hiyo ingia kwenye tovuti zao ujiandikishe kupata imeili. Hapa nyumbani TAMWA, chama cha wanahabari wanawake Tanzania, wapo tangu 1987, na usiidharau Mwanza Press Club, klabu ya waandishi wa hapa mkoani, matangazo mengi yanapita kwenye magrupu ya wanachama. Ukiona "mfuko" unakudai ada ya kuomba, achana nao.

Barua ya mhariri, ya kuonyesha stori yako ina pa kutoka, ndo inawakwamisha wengi. Wewe wa kujitegemea nenda kwa mhariri na ukurasa mmoja tu wa stori, muombe aandike kwamba ikikamilika na ikawa nzuri ataitoa. Anza wiki tatu kabla ya dedilaini maana wahariri tunawajua. Na kadi yako ya ithibati iwe hai.

Bajeti andika kwa shilingi kwanza halafu badilisha kuwa dola. Usiandike "usafiri 1,500,000" peke yake. Mfano unakwenda kisiwa cha Ukara, andika meli Mwanza mpaka Nansio, gari mpaka Bugolora, kivuko mpaka Ukara, gesti siku ngapi, mkalimani, bando, chakula, na malipo yako mwenyewe kama mfuko unaruhusu, dada wengi tunaona aibu kujilipa na hiyo ni kazi. Wanaohojiwa hawalipwi, usiweke hata senti. Weka jaketi la kuokolea na bima, hapo hapo Ukara kivuko cha MV Nyerere kilizama Septemba 2018 wakafa watu zaidi ya 200, hakuna mfuko wa maana utakaokuuliza kwa nini.

Tena kitu ambacho hakuna fomu itakwambia, tarehe zako panga kwa mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika na mwalo unakuwa kimya, mwenzangu mmoja alitumia siku nne za bajeti akipiga picha mitumbwi iliyopaki. Ukiandika kwenye andiko kwamba safari yako inaanza mwezi ukipungua na sababu yake ukaiweka, msomaji anajua huyu dada anapajua anapokwenda.

Kama hujui uanzie wapi, subiri mbalamwezi hii iishe, panda daladala ya Igombe alfajiri, mitumbwi inarudi kunakucha. Beba daftari, kamera iache nyumbani siku hiyo ya kwanza.