Kumpima mgonjwa anayezorota: hatua kwa hatua kwa wahudumu wa wodini

Mwongozo huu umeandikwa kwa muuguzi, tabibu na mtaalamu wa tiba ya viungo, awe hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au ya Abdulla Mzee kule Mkoani, Pemba, ambaye presha na joto anazipima kila siku lakini angependa kumtambua mapema mgonjwa anayezorota. Kasoro utakayoikuta katika hatua moja ianze kushughulikiwa kabla hujaingia hatua inayofuata.

Hatua ya 1: Njia ya hewa. Msalimie mgonjwa. Akiitikia kwa sauti yake ya kawaida, njia iko wazi, endelea. Ukisikia mkoromo au majimaji kooni, ita msaada, inua kidevu chake na fyonza kinachoonekana kinywani.

Hatua ya 2: Upumuaji. Hesabu pumzi kwa dakika nzima huku umemshika kifundo cha mkono kama unayehesabu mapigo, kwa kuwa mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa huzibadilisha. Kwa mtu mzima aliyetulia, kawaida ni 12 hadi 20. Chati zetu nyingi zimejaa 20 kwa kila kitanda, asubuhi na jioni, na sidhani kuna aliyezihesabu.

Madhara ya kuandika bila kuhesabu yanaonekana ukitumia alama za tahadhari za NEWS2, zilizotolewa Uingereza mwaka 2017, ambazo kila kipimo hupewa alama kadiri kinavyotoka nje ya kawaida. Tuchukue bibi mwenye homa, yu macho na anazungumza vizuri, hajawekewa oksijeni: pumzi 28, oksijeni asilimia 95, mapigo 112, presha ya juu 118, joto 38.6. Pumzi zinampa alama 3, oksijeni 1, mapigo 2, joto 1, presha 0. Jumla ni 7, kiwango cha kumwita daktari bila kuchelewa. Ukiandika pumzi 20 kwa mazoea, jumla inashuka hadi 4, na bibi yule yule anaonekana ni wa kuangaliwa tu. Alama hizi hazitumiki kwa wajawazito wala kwa walio chini ya miaka 16.

Kabla ya kuamini kipima oksijeni, tazama kidole. Piko iliyokolea inaweza kupotosha kipimo, na aliyetoka harusini huenda amepakwa mikono na miguu. Tafuta kidole kisichopakwa, au ndewe ya sikio ikiwa kipo kibanio chake. Ubuluu wa ukosefu wa oksijeni, kwa ngozi nyeusi, utafute kwenye ulimi na ndani ya midomo.

Hatua ya 3: Mzunguko wa damu. Bonyeza katikati ya kifua kwa sekunde 5, kisha achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Gusa mikono kama ni ya baridi, na uulize mkojo: chini ya mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa saa ni dalili mbaya. Usisubiri presha ishuke, maana kijana anaweza kupoteza damu nyingi huku presha yake ikisomeka vizuri.

Hatua ya 4: Fahamu. Angalia kama yu macho, amechanganyikiwa ghafla, anaitikia sauti, anaitikia maumivu tu, au haitikii kabisa. Pima sukari papo hapo, hasa mgonjwa wa kisukari aliyeletwa alasiri ya Ramadhani. Ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, itibu. Asiyeweza kumeza asipewe kitu kwa mdomo.

Hatua ya 5: Mwili mzima. Funga pazia, omba ruhusa, na mwanamke apimwe na mwanamke inapowezekana. Funua sehemu moja, itazame, ifunike, ndipo ufunue nyingine. Mgongo na matako husahauliwa sana.

Hatua ya 6: Kutoa taarifa. Anza na tatizo, historia ifuate, kisha vipimo, na umalizie kwa ombi: “Daktari, ni muuguzi wa zamu, wodi ya wanawake. Bibi wa kitanda cha 4 anapumua mara 28, alama zake ni 7. Alilazwa jana kwa homa ya mapafu. Oksijeni ni asilimia 95, mapigo 112, presha ya juu 118, joto 38.6. Naomba uje umwone sasa hivi.” Andika saa uliyopiga simu na jibu ulilopewa, halafu wakati unamsubiri mrudie mgonjwa tangu hatua ya 1.