Kumsaidia mtu asiye fundi kupunguza utegemezi kwa Google na Meta

Mama anayeuza samaki pale Deep Sea, Tanga, na kupokea oda za wateja wa Muheza na Korogwe kwa WhatsApp, programu ya kampuni ya Meta, hawezi kuambiwa aifute programu hiyo leo jioni, kwani kesho asubuhi hatakuwa na wa kumuuzia. Vijana wengi wenye nia njema ya kuwapunguzia wazazi wao utegemezi kwa Google na Meta huanzia hapo, wakaishia kukorofishana na mzazi ambaye biashara yake imevurugika. Ninapendekeza kinyume chake: WhatsApp iwe ya mwisho, na hata ikibaki si kitu, mradi vitu vingine vimeanza kuwa mikononi mwa mwenyewe.

Kabla ya kusakinisha chochote, tafuta kwanza akaunti iliyomo ndani ya simu ni ya nani. Simu nyingi hununuliwa dukani huku muuzaji akiwa amekwisha kufungua akaunti ya Google kwa haraka, kwa jina analolijua yeye na nywila anayoijua yeye. Ingia kwenye Mipangilio, gusa Google, kisha mwonyeshe mwenye simu anwani iliyoandikwa pale juu. “Mama, barua pepe hii unaijua?” “Aliniwekea yule kijana wa dukani, mwanangu.” Jibu hilo ndilo kazi yako ya siku hiyo. Maadamu simu bado imo ndani ya akaunti, hakikisha namba ya kurejesha akaunti ni ya laini anayoitumia sasa, ondoa namba na vifaa asivyovitambua, kisha mwache aunde nywila mpya na kuiandika kwa mkono wake katika daftari linalokaa pamoja na vyeti vyake. Usiihifadhi wewe, hata akikuomba, maana atakuwa ametoka kwa kijana wa dukani na kuhamia kwako. Wala usiifute simu yote ili “kuanza upya” kabla ya hapo: simu ya Android iliyofutwa bila akaunti kuondolewa inaweza kudai akaunti ileile ya zamani, na asiyejua nywila yake hataweza kuitumia.

Siku nyingine, toa nakala. Programu ya majina ya simu ina sehemu ya kuhamisha majina yote kwenye faili moja la vcf, ambalo litawekwa kwenye memori kadi na kwenye simu ya mtu wa nyumbani anayeaminika. Picha zinataka subira zaidi. Akaunti ya bure ya Google ina nafasi ya GB 15 kwa barua, picha na mafaili kwa pamoja, na ikijaa, barua mpya huacha kuingia. Google Takeout humwezesha mtu kuomba nakala ya vitu vyake vyote, lakini chagua picha peke yake, tumia kompyuta yenye intaneti isiyokula bando, na ufungue faili kadhaa uone kama picha zimo kweli.

Baada ya hapo badilisha vile ambavyo hatavihangaikia. Weka Firefox iwe kivinjari chake, utafutaji uwe DuckDuckGo, na uongeze uBlock Origin, ambayo hufanya kazi ndani ya Firefox ya Android na kuzuia matangazo. Faida yake ataiona mwenyewe, kwa kuwa matangazo hayo nayo yalikuwa yakila bando. Kwa ramani, Organic Maps hupakuliwa mara moja na kutumika bila intaneti. Ramani zake hutoka OpenStreetMap, mradi ulioanza Uingereza mwaka 2004 ambao mtu yeyote anaweza kuuchangia, hivyo kama kichochoro chenu cha Ngamiani hakimo, mnaweza kukiongeza wenyewe.

Kwa mazungumzo, anzeni Signal, programu ya ujumbe kama WhatsApp, mkiwa wachache: yeye, wewe na ndugu wawili watatu mnaozungumza kila siku. Usimtishe kwamba ujumbe wake wa WhatsApp unasomwa, kwani maneno yenyewe yamefungwa kwa usimbaji kotekote, yaani huweza kusomwa na mtumaji na mpokeaji tu. Tofauti ni kwamba WhatsApp ni mali ya Meta tangu 2014 na hukusanya taarifa nyingi zaidi zinazozunguka mazungumzo, kama vile nani anazungumza na nani na lini, wakati Signal huendeshwa na shirika lisilotafuta faida. Signal nayo husajiliwa kwa namba ya simu, na namba ya siri atakayoiweka iingie katika daftari lilelile. Kama bando lake ni la mitandao ya kijamii pekee, angalieni kwanza kama Signal imo.

Barua pepe ndiyo ngumu kuliko yote, ingawa wengi huifikiria nyepesi. Proton ya Uswisi na Tuta ya Ujerumani hutoa anwani za bure, zenye nafasi ndogo. Kufungua anwani mpya ni kazi ya dakika chache. Kazi kubwa ni kukumbuka ni nani wanaoitumia ya zamani. Kaeni chini muandike: benki, TRA, Bodi ya Mikopo kwa mwenye mtoto chuoni, shule, mwajiri. Badilisheni moja baada ya nyingine, na mweke Gmail ipeleke kila barua kwenye anwani mpya ili kilichosahaulika kijitokeze chenyewe.

Akaunti ya zamani msiifunge upesi. Programu za benki na za kutuma pesa husasishwa kupitia Play Store, na Play Store huitaka akaunti hiyo. Ikiwa simu imehamia akaunti nyingine, aingie katika ile ya zamani mara mojamoja, kwa sababu Google inaweza kuifuta akaunti isiyotumika kwa miaka 2, na aendelee hivyo mpaka kila jina katika orodha yenu liwe limekatwa kwa kalamu.