Sandwichi Nzito ya Nyama ya Kuoka na Jibini, Hata kwa Asiye na Oveni

Kinachoiharibu sandwichi hii katika majiko mengi ya hapa Mombasa si mkate wala jibini, bali ni nyama iliyokatwa vibaya, ambayo mtu akiing'ata huchomoka yote kwa pamoja na kumwachia boflo tupu mkononi. Jirani yangu wa Kibokoni alikuwa karibu kukata tamaa kwa sababu hiyo, na utaratibu ufuatao ndio niliomwelekeza.

Hatua ya kwanza: kuchagua nyama. Nunua kilo moja ya steki ya paja ikiwa kipande kizima, na umwambie muuza nyama mapema, kwani mazoea yake ni kuipiga vipande vya mchuzi kabla hujamaliza kumwamkia. Nyama ya ng'ombe aliyechinjwa alfajiri huwa bado imekaza, kwa hiyo ihifadhi kwenye friji kwa siku mbili. Usiku wa kuamkia siku ya kupika, ipake kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, thomu iliyopondwa, na pilipili manga utakayoitwanga mwenyewe. Bizari za pakiti sizitaki hapa, kwa sababu huifanya nyama inukie pilau.

Hatua ya pili: kuoka. Geuzageuza nyama kwa samli katika sufuria nzito mpaka pande zote ziwe na rangi ya kahawia. Mwenye oveni aioke kwa nyuzijoto 150 kwa muda wa saa moja hivi. Asiye nayo aifunike sufuria na kupalia makaa, machache chini na mengi juu ya kifuniko, kama aokavyo mkate wa kumimina. Nunua kipimajoto cha nyama. Itoe motoni katikati yake ikifika nyuzijoto 60, nayo itapanda kidogo yenyewe ikiwa imepumzishwa; kwa wasiopenda wekundu, ngoja ifike 68, lakini usizidishe, kwani steki haina mafuta ya kuiokoa.

Hatua ya tatu: kukata. Hapa ndipo penye kazi. Nyama ikiwa bado mbichi, tazama nyuzi zake zinaelekea wapi, kisha kata alama ndogo ukingoni inayozikingama, kwa kuwa ukoko wa kuoka utazificha. Steki ya paja mara nyingi huwa na misuli miwili au mitatu iliyoshikana kwa utando mweupe, na kila msuli una mwelekeo wake. Ukiikata yote kwa mkao mmoja, nusu ya vipande vitakuwa laini na nusu vitatafunika kama kamba. Kwa hiyo, baada ya kuoka, pitisha ncha ya kisu kwenye utando, utenganishe misuli, na ukate kila mmoja peke yake.

Usiikate ikiwa ya moto, maana itachanika na mchuzi wake wote utabaki kwenye ubao. Ipumzishe dakika 20, kisha uitie friji mpaka ipoe kabisa, na ikiwezekana ilale humo. Kisu kiwe kirefu, chenye makali yasiyo na meno, kilichonolewa wakati huo; kile cha meno kiachie mkate. Kivute kwa urefu wake wote bila kukisokota, upate vipande vyembamba vya milimita mbili au tatu. Mkono ukikataa, lalisha kisu kidogo. Katika joto letu nyama hulainika haraka mezani, kwa hiyo kata nusu, rudisha nyingine kwenye friji, halafu endelea.

Hatua ya nne: kupanga. Paka boflo siagi, na upande wa ndani upake haradali. Chovya vipande vya nyama kwa sekunde chache katika mchuzi wa moto uliobaki sufuriani, bila kuvichemsha, kisha uvipange vikiwa vimekunjwakunjwa. Weka jibini ya cheda uliyoikata mwenyewe, si ile ya pakiti iliyokatwa tayari, ambayo ladha yake ni chumvi tu. Ongeza vitunguu vilivyolowekwa kwenye siki na achari ya embe kidogo. Funika kikaangoni kwa moto mdogo mpaka jibini iyeyuke.

Nyama iliyobaki ihifadhi kwenye friji bila kuikata, uitumie ndani ya siku tatu.