Folda ya mtandao ikikataa kwenye Linux, uliza kwanza imekataa lini

Ofisi moja ya uhasibu ninayoihudumia ina seva iliyowekwa stoo, kompyuta kuukuu yenye Debian. Inagawa folda moja, `mahesabu`, kwa Samba (programu ya kugawa folda kwenye mtandao), na wafanyakazi wanaifungua kutoka kwenye Linux Mint. Wakinipigia husema tu, "Fundi, imekataa." Nami huwauliza: imekataa kuunganishwa, au imeunganishwa lakini haikubali kusevu? Watu hupoteza asubuhi nzima wakichezea `chmod`, amri ya kubadili ruhusa za faili, kumbe tatizo ni nywila.

Ikikataa kuunganishwa

`sudo mount -t cifs //192.168.1.10/mahesabu /mnt/mahesabu -o username=hasibu`

Ukijibiwa `mount error(13): Permission denied`, achana na ruhusa za `/mnt/mahesabu`, hazihusiki hapa. Tazama ujumbe wa mwisho wa mfumo kwa `sudo dmesg | tail`. Ukikuta `STATUS_LOGON_FAILURE`, seva haijakubali jina au nywila. Ukikuta `STATUS_ACCESS_DENIED`, mara nyingi jina limekubalika ila halimo kwenye `valid users`, orodha ya wanaoruhusiwa kufungua folda hiyo.

Ninalokutana nalo zaidi ni hili: Samba ina daftari lake la nywila, mbali na lile la Linux. Mfanyakazi mpya ameongezwa kwa `adduser`, anaingia kwenye seva kwa mbali (SSH) bila taabu, lakini Samba haimjui kabisa. Kwenye seva, `sudo pdbedit -L` itakuonyesha inaowajua. Kama hayumo:

`sudo smbpasswd -a hasibu`

Nywila yenye mkato (`,`) nayo ina vituko vyake. Ukiiandika ndani ya `-o`, `mount` hudhani mkato ni mwanzo wa chaguo jingine, na nywila inakatika katikati. Iweke kwenye faili, mathalani `/root/.hasibu`, mstari wa kwanza `username=hasibu`, wa pili `password=` na nywila yenyewe. Lifunge kwa `chmod 600`, kisha tumia `-o credentials=/root/.hasibu`. Hata kama nywila haina mkato, fanya hivyo. Haifai kubaki kwenye historia ya terminali.

Imeunganishwa, haisevu

Piga `ls -l /mnt/mahesabu`. Kama kila kitu ni mali ya `root root`, ndiyo sababu: uliunganisha kwa `sudo` bila kusema mwenyewe ni nani. Kwa kawaida `chown` na `chmod` hazitakusaidia hapo. Tazama namba zako kwa `id`, toa folda kwa `umount`, unganisha upya kwa amri ile ile ya `mount`, ila mwisho wake uwe:

`-o credentials=/root/.hasibu,uid=1000,gid=1000,file_mode=0664,dir_mode=0775`

Lakini namba hizo ni za upande wako tu. Mwenye neno la mwisho ni seva. Bado inakataa? Nenda kwenye seva yenyewe, ambako folda hiyo ni `/srv/mahesabu`, ujifanye yule mtumiaji:

`sudo -u hasibu touch /srv/mahesabu/jaribu`

Naipenda amri hii kwa sababu inamaliza ubishi. Ikikataa hapo, mtandao hauna kosa. Rekebisha ruhusa za diski:

`sudo chgrp -R wahasibu /srv/mahesabu`
`sudo chmod -R g+rwX /srv/mahesabu`

Hakikisha hasibu yumo kwenye kundi hilo. Herufi X kubwa ni ya makusudi: inafungua folda bila kugeuza kila lahajedwali kuwa programu. Amri ya `touch` ikikubali, tazama mipangilio ya Samba kwa `testparm -s`. Kama chini ya `[mahesabu]` huoni `read only = No`, folda ni ya kusoma tu, maana hiyo ndiyo hali ya msingi ya Samba. Kwenye Fedora na jamaa zake, angalia pia SELinux, ulinzi wa ziada wa mfumo, kwa `ls -Z`. Folda inatakiwa iwe na lebo `samba_share_t`.

Kama ni NFS

NFS ni njia nyingine ya kugawa folda kwenye mtandao, bila Samba. Hapa sahau `uid=`, haipo. NFS ya kawaida haiulizi nywila, inalinganisha namba. Ukiwa 1000 kwako, na faili kwenye seva ni la 1001 lisilo na ruhusa kwa wengine, hupati hata kama majina yanafanana. Linganisha `id` pande zote mbili. Ukibadili `/etc/exports`, faili la seva linaloorodhesha folda zinazogawiwa, maliza kwa `sudo exportfs -ra`.

Na usishangae `sudo` ikikataliwa pale ambapo mtumiaji wa kawaida anapita. Ni `root_squash`, inayomgeuza root (mtumiaji mkuu) wa mbali kuwa `nobody`, mtumiaji asiye na mamlaka. Usikimbilie kuandika `no_root_squash`, inayoizima kinga hiyo. Jaribu tena bila `sudo`.