Mtoto Mdogo Anayetapika Garini: Namna ya Kumwandaa na Kumsafirisha

Somo hili linawahusu wazazi na walezi wa watoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka minne ambao hutapika karibu kila wanapopanda gari, kiasi kwamba familia huanza kuahirisha safari za kijijini, na kondakta wa taksi (basi dogo la abiria) akimwona mama huyo kwenye stage hujifanya hana nafasi. Nitaeleza hatua kwa mpangilio ninaoufuata ninapowashauri wazazi, kisha nitajibu maswali yaliyoletwa na wanakikundi. Msimamo wangu nautaja mapema: dawa ni hatua ya mwisho, na kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili haimo kabisa.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Ndani kabisa ya sikio kuna mifereji mitatu midogo yenye umajimaji ambayo huhisi kichwa kinapogeuka, pamoja na viungo vingine vidogo vinavyohisi gari linapokaza mwendo, linapofunga breki au linaporuka tuta. Macho nayo hupeleka taarifa yake kwenye ubongo. Mtoto aliyekaa chini, mbele yake pana mgongo wa kiti tu, macho yake husema kwamba ametulia mahali pamoja, ilhali masikio yanasema kwamba anayumbishwa kulia na kushoto. Ubongo uliopokea habari mbili zinazopingana hujibu kwa kichefuchefu, jasho la baridi na hatimaye matapishi. Hali hii ni nadra kwa watoto walio chini ya miaka miwili, huongezeka kuanzia hapo, hufikia kilele katika miaka ya shule ya msingi, kisha kwa wengi hupungua wanapobalehe.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba tatizo ni gari

Kichefuchefu cha safari huanza gari likiwa katika mwendo na hutulia muda mfupi baada ya kushuka. Mtoto aliyetapika garini jioni na akaendelea kutapika nyumbani asubuhi yake hana ugonjwa wa gari. Nchini Uganda, mtoto anayetapika huku mwili una joto anapaswa kupimwa malaria bila kusubiri, na kituo cha afya cha daraja la tatu kwa kawaida kina kipimo hicho. Mpeleke haraka pia mtoto anayetapika kila anachokinywa, mwenye matapishi ya kijani au yenye damu, aliyelegea, mwenye shingo ngumu, au aliyeanza kutapika baada ya kuanguka na kugonga kichwa. Maambukizi ya sikio nayo yanaweza kumfanya mtoto avumilie mwendo kidogo kuliko kawaida yake, kwa hiyo mtoto ambaye zamani alisafiri vizuri na ghafla ameanza kutapika achunguzwe masikio kabla ya kulaumu barabara.

Hatua ya pili: mahali pa kukaa na kinachoonekana kwa macho

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko hatua nyingine zote, na ndipo wazazi wengi hupapita haraka. Lengo ni kwamba mtoto aone mbali, kuelekea gari linakokwenda, na kichwa chake kisiyumbe sana.

Katika gari la binafsi, kiti cha mtoto kifungwe katikati ya kiti cha nyuma ikiwa mkanda wa hapo unakubali, kwa sababu kutoka hapo ataiona barabara kupitia kioo cha mbele. Kiti kinachotazama nyuma huwa na shida yake: mtoto huona vitu vikimkimbia, naye hutapika zaidi. Hata hivyo, kiti hicho hulinda shingo na uti wa mgongo wa mtoto mdogo gari linapogonga, kwa hiyo kisigeuzwe kutazama mbele mpaka mtoto afikie kikomo cha uzito au urefu kilichoandikwa kwenye kiti chenyewe. Kati ya nguo iliyochafuka na shingo iliyovunjika, naamini hakuna haja ya kujadiliana.

Wengi wetu, lakini, tunasafiri kwa taksi na basi. Katika taksi, omba safu iliyo nyuma tu ya dereva, karibu na dirisha, na uikatae safu ya mwisho iliyo nyuma ya magurudumu, ambako kila tuta humrusha mtu mara mbili. Katika basi, viti vilivyo kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma hutikisika kidogo kuliko vingine, na afadhali kupanda basi la baadaye lenye nafasi hiyo kuliko kukubali kiti cha nyuma kabisa kwa kuharakia. Mtoto apakatwe akiwa wima, mgongo wake ukiegemea kifua chako na uso ukielekea mbele, si kulazwa mapajani akitazama paa. Usikae naye kiti cha mbele kando ya dereva, hata kama mandhari ni mazuri, kwa kuwa mtoto aliyepakatwa hapo ndiye wa kwanza kuumia.

Simu yenye katuni iwekwe mbali, vivyo hivyo vitabu vya picha. Badala yake mwonyesheni vitu vya mbali: ng'ombe wenye pembe ndefu baada ya Lyantonde, mashamba ya chai ukikaribia Fort Portal, milima. Nyimbo nazo husaidia, ingawa abiria wengine hawatazifurahia sana.

Hatua ya tatu: chakula

Tumbo tupu hutapika kama tumbo lililoshiba kupita kiasi. Saa moja au mbili kabla ya kuondoka, mpe mtoto chakula chepesi ambacho amekizoea: uji usio mzito, kipande cha mkate, matoke kidogo bila mchuzi wa karanga, au ndizi mbivu. Chapati, mayai ya kukaanga, chipsi na maziwa mengi viachwe mpaka mfike. Njiani apewe maji kidogo kidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya, kwa vipindi vifupi. Wachuuzi wa Namawojjolo na Lukaya wataingiza kuku na gonja (ndizi za kuchoma) dirishani. Nunueni, lakini fungasheni vizuri mpaka mwisho wa safari, kwa sababu harufu ya nyama ya kuchoma ndani ya gari lenye joto humaliza kazi yote mliyofanya asubuhi. Pipi ngumu na karanga nzima zisitumike kumtuliza mtoto wa umri huu, maana zinaweza kumkaba.

Hatua ya nne: saa, njia na vituo

Ondokeni alfajiri, kukiwa na ubaridi na kabla ya msongamano, kwa kuwa gari linalosimama na kuondoka kila dakika humchosha mtoto kuliko mwendo mrefu ulionyooka. Ikiwa mtoto ana saa yake ya kulala mchana, safari fupi ipangwe ndani ya saa hiyo. Mtoto aliyelala macho yamefumba, na ule ubishi wa macho na masikio unapungua.

Zijueni sehemu ngumu za njia yenu. Kutoka Kampala hadi Kabale ni zaidi ya kilomita 400, na sehemu kubwa ya njia si mbaya. Kona zinazosumbua ni zile za vilima vya mwisho, na kutoka Kabale hadi Kisoro, karibu kilomita 80, ndipo watoto wengi hushindwa. Barabara ya Fort Portal kwenda Bundibugyo na ile ya kupanda Kapchorwa ziko katika kundi hilo hilo. Mwenye gari lake asimame dakika kumi kabla ya kuanza kona hizo, mtoto atembee chini, apigwe na upepo, anywe maji, kisha waendelee polepole. Dereva asikate kona kwa kasi na asifunge breki kwa ghafla. Abiria wa taksi anaweza kumwomba dereva jambo hilo kwa heshima kabla ya kuondoka. Akiliomba baada ya mtoto kutapika, mara nyingi dereva anakuwa ameshakasirika.

Hatua ya tano: mfuko wa safari

Kaveera (mifuko ya plastiki) kadhaa zisizotoboka, taulo ndogo, nguo za kubadilisha za mtoto na blauzi moja ya mama, maji safi, sabuni, na pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudishia maji mwilini. Kaveera ziwe mkononi mwako, si ndani ya begi lililo chini ya kiti, na zisiachwe kwa mtoto achezee, kwa kuwa zinaweza kumziba pumzi.

Hatua ya sita: dalili, na tendo lenyewe

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi kusema kwamba moyo unamchafuka. Atanyamaza ghafla, atapiga miayo, mate yatamjaa, midomo itapauka, kipaji cha uso kitatoa jasho la baridi, au atalia bila sababu na kukataa kila kitu. Ukiona mawili kati ya hayo, fungua dirisha, legeza nguo za shingoni, mwelekeze atazame mbele, na kama inawezekana gari lisimame.

Akianza kutapika, mwinamishe mbele kidogo ukiwa umeshika kipaji chake. Asilazwe chali, kwa sababu matapishi yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Baada ya hapo mpanguse uso, mbadilishe nguo, mfariji, wala usimkaripie, kwani mtoto anayekaripiwa huanza kuliogopa gari lenyewe, na hofu ni chanzo kingine cha kichefuchefu. Subiri kama dakika kumi, kisha mpe maji au ORS kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili. Kumpa kikombe kizima kwa sababu ana kiu ni kumwandalia matapishi mengine. Pakiti ya ORS ichanganywe na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita moja, na kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Hatua ya saba: dawa

Ikiwa hatua zilizotangulia zimefuatwa na mtoto aliyetimiza miaka miwili bado anateseka katika safari ndefu, zungumza na mhudumu wa afya. Dawa inayotumika sana kwa umri huu ni dimenhidrinati. Kipimo cha kawaida kwa mtoto wa miaka miwili hadi mitano ni miligramu 12.5 hadi 25, hutolewa nusu saa hadi saa moja kabla ya safari, inaweza kurudiwa baada ya saa sita hadi nane, na jumla isizidi miligramu 75 kwa saa 24. Kwa kuwa vidonge vingi vina miligramu 50, kumpa mtoto kidonge kizima ni kumzidishia mara mbili au nne. Sinarizini ni ya kuanzia miaka mitano, na plasta za kubandika nyuma ya sikio si za watoto wadogo. Dawa hizi huleta usingizi, lakini watoto wachache huchangamka kupita kiasi badala yake, ndiyo maana napendelea ijaribiwe siku ambayo familia iko nyumbani.

Maswali ya wanakikundi

Swali (mama wa mtoto wa miezi kumi na minne, Arua): Musawo (mhudumu wa afya), kwenye duka la dawa niliambiwa nimpe Phenergan ya maji ili alale njia nzima hadi Kampala. Nimpe kiasi gani?

Jibu: Mama, usimpe hata kidogo. Dawa iliyo ndani yake, promethazini, hairuhusiwi kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kudhoofisha upumuaji wake hadi kufa, na ndani ya basi usiku hutatambua mapema kwamba usingizi wake umekuwa mzito mno. Kwa umri wake, tumia kiti kizuri, chakula chepesi na kunyonyesha kidogo kidogo.

Swali (baba, Mbale): Mwanangu akipanda taksi anatapika kabla hatujafika mjini, lakini kwenye bodaboda hatapiki kamwe. Je, ni afadhali nimbebe kwa boda?

Jibu: Ulichokiona ni sahihi, ndugu: kwenye boda anaiona barabara na anapata hewa. Tumia ujuzi huo ndani ya taksi, yaani safu iliyo nyuma tu ya dereva, dirisha wazi, macho mbele. Boda yenyewe sikushauri, kwa kuwa mtoto wa umri huo hana kinachomshikilia wala kofia ngumu inayomtosha, na ajali yake haifanani na kutapika.

Swali (mama, Kasese): Jajja yake (bibi au babu) ananiambia nisimpe chochote tangu usiku, eti tumbo likiwa tupu hakuna cha kutapika. Sitaki kumkosea adabu.

Jibu: Mweleze kwa upole kwamba mtoto asiyekula hutapika nyongo, nayo humchosha zaidi, na kwamba mtoto mdogo akikaa muda mrefu bila kula sukari ya mwili wake hushuka. Mnaweza kukubaliana juu ya uji mwepesi. Wazee wengi hawaukatai uji.

Swali (mlezi, Jinja): Limau la kunusa na tangawizi vinasaidia?

Jibu: Kunusa ganda la limau hakumdhuru, na wapo watoto wanaotulia nalo, labda kwa sababu linaficha harufu ya mafuta ya gari na ya mukene (dagaa) wa abiria wengine. Tangawizi humwasha mtoto mdogo mdomoni, na ushahidi wake katika kichefuchefu cha safari haujasimama imara, kwa hiyo mimi siitumii kwa umri huu.

Swali (mama wa mtoto wa miaka mitatu, Masaka): Alitapika mara nne njiani na sasa tumefika. Nitajuaje kwamba amepungukiwa maji?

Jibu: Angalia mkojo kwanza. Akikaa saa sita bila kukojoa, akilia bila machozi, mdomo ukiwa mkavu, macho yamedidimia au amelegea, mpeleke kituo cha afya leo hii, usisubiri kesho. Akikojoa, akicheza na kuomba chakula, endelea na ORS kwa kijiko na umpe chakula cha kawaida kidogo kidogo. Safari ya kurudi msiifanye siku hiyo hiyo.