Kuchagua Uso wa Kaunta ya Jikoni: Maji, Moto, Tindikali na Kisu

Watu wengi huchagua kaunta ya jikoni kwa rangi, kisha hujuta kwa sababu zisizohusiana na rangi hata kidogo. Kabla ya kwenda kutazama mabamba, jichunguze siku mbili tatu unavyofanya kazi jikoni: sufuria ikitoka motoni unaitua wapi, limau unalikatia wapi, maji hutuama upande gani wa sinki, na ni nani hasa anayefuta kaunta baada ya kupika. Anza na majibu hayo, kwa kuwa hakuna bamba linalostahimili maji, moto, tindikali na kisu kwa kiwango kimoja.

Kwa jiko lenye pilikapilika, mimi hupendekeza graniti. Ni jiwe lililotokana na mwamba ulioyeyuka na kupoa polepole chini ya ardhi, na sehemu kubwa ya madini yake ina ugumu wa 6 hadi 7 katika kipimo cha Mohs, yaani kipimo cha ugumu wa madini kinachoanzia 1 hadi 10, kwa hiyo ukikatia juu yake kinachoharibika ni makali ya kisu. Sufuria ya moto haiisumbui sana, ingawa ni busara kutumia kitu cha kutulia. Udhaifu wake ni vinyweleo, yaani vitundu vidogo sana vinavyonywa maji. Omba kipande cha mfano, dondoshea maji, usubiri dakika 15. Maji yakinywewa na mahali pale pakawa peusi, jiwe hilo linahitaji dawa ya kuziba vinyweleo, nayo hurudiwa kila inapoisha nguvu. Kumbuka pia uzito: bamba la unene wa sentimita 3 lina takriban kilo 80 kwa mita moja ya mraba, hivyo makabati ya chini yawe imara na yamepimwa kwa pima maji.

Marumaru ni suala jingine, na neno lenyewe linahitaji uangalifu, kwani wauzaji wengi huviita hata vigae vya sakafuni marumaru. Jiwe la marumaru halisi ni kalsiamu kaboneti kwa sehemu kubwa, na ugumu wake ni kama 3 tu. Dondosha maji ya limau juu ya kipande kilichong'arishwa, acha dakika chache, futa, kisha kiinamishe kwenye mwanga: utaona duara hafifu lililopoteza mng'aro. Hilo si doa la kusugua kwa sabuni. Tindikali imekula uso wa jiwe, na dawa ya kuziba vinyweleo haizuii jambo hilo. Anayeipenda marumaru aichukue akijua kwamba alama hizo zitakuja. Jaribio hilo hilo litakusaidia unapouziwa jiwe kwa jina la graniti, kwa sababu graniti halisi haifanyi hivyo kwa tone la limau.

Mabamba ya kwatsi hutengenezwa kiwandani kwa kuchanganya mawe yaliyosagwa, mara nyingi karibu asilimia 90 au zaidi, na resini, aina ya gundi ya plastiki inayoyagandisha. Hayanywi maji wala hayahitaji dawa, na hilo ni jambo la thamani kwa mtu asiye na muda. Hata hivyo resini huungua: sufuria yenye mafuta ya moto inaweza kuacha alama ya kudumu, na jua la kila siku dirishani hufifisha rangi. Kuna pia vumbi linalotokea wakati wa kukata, ambalo lina silika nyingi (madini yaliyomo katika mchanga na mawe mengi) na huharibu mapafu ya mafundi. Australia ilipiga marufuku mabamba haya kuanzia Julai 2024 kwa sababu ya silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo. Ukiyachagua mahali yanaporuhusiwa, sisitiza yakatwe karakanani kwa mashine inayotumia maji, wala usikubali yakatwe yakiwa makavu ndani ya nyumba. Graniti nayo ina silika, kwa hiyo sharti ni lile lile.

Nisingependa mtu aidharau laminati, yaani ubao uliofunikwa kwa tabaka jembamba la plastiki ngumu. Ni nyepesi, hufutika kwa urahisi, na ikifungwa vizuri hudumu miaka mingi. Inachoogopa ni maji yanayopenya kwenye ubao wa chengachenga ulio chini yake. Fundi akishatoboa tundu la sinki, inama utazame ukingo uliokatwa: utaona chembe za mbao zikiwa wazi kabisa. Hapo ndipo uvimbe huanzia, kwa hiyo ukingo wote upakwe silikoni au vanishi isiyopitisha maji kabla sinki halijashushwa.

Mbao ngumu hufaa mbali na sinki, kwa mtu aliye tayari kuzipaka mafuta mara kwa mara, na uzuri wake ni kwamba mikwaruzo huondoka kwa msasa. Chuma cha pua huvumilia maji na moto vizuri sana, ila hukwaruzika. Vigae ni vigumu, lakini grauti, yaani mchanganyiko unaojaza nafasi kati yake, hushika uchafu.

Si lazima kaunta nzima iwe ya aina moja. Graniti kando ya jiko la moto na mbao upande wa kuandalia hupatana vizuri. Vyovyote utakavyochagua, vipimo vya mwisho vichukuliwe makabati yakiwa yameshafungwa, na umwambie fundi mapema kwamba kiungio cha mabamba kisipite kwenye tundu la sinki.