Somo: Modeli ya maji ya bahari yanapoingia kwenye maji matamu ya chini ya ardhi

Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Wengi wetu tuko Nairobi na data ya Tiwi, Diani au Lamu. Hakuna wa kuonja kisima atuambie tumekosea. Kwa hivyo twende polepole.

1. Pakua MODFLOW 6 (programu inayokokotoa mwendo wa maji chini ya ardhi) na FloPy (maktaba ya Python ya kuiandalia faili). Ni za bure.

2. Anza na mkato wima, kutoka bara hadi baharini. Rudia tatizo la Henry la 1964 kwanza, yaani mfano rahisi wa kujipima ambapo maji matamu hukutana na ya bahari. Likikushinda, Diani iache.

3. Weka mvua inayopenya, upitishaji wa mwamba na visima. Mawe ya matumbawe yana mapango, kwa hivyo usitegemee thamani moja.

4. Mpaka wa bahari. Tulia hapa. Meta moja ya ujazo ya maji matamu ina kilo 1000, ya bahari kama 1025. Kwa hivyo kwenye kina cha meta 40, bahari iliyo kwenye usawa wa sifuri inasukuma sawa na maji matamu yaliyosimama meta 1 juu ya usawa huo. SEAWAT, programu nyingine ya kazi hii, hupiga hesabu kwa kimo cha maji matamu, yaani kimo ambacho maji matamu yangefikia kwa msukumo huohuo. Kifurushi cha BUY cha MODFLOW 6, kinachoshughulikia tofauti ya uzito wa maji, hutumia kimo halisi. Ukisahau kubadilisha kimo panapotakiwa, chumvi haiingii inavyopasa. Ukibadilisha pasipotakiwa, unaizamisha pwani nzima. Programu haitalalamika, na picha itapendeza vilevile! Tena: maji yanayoingia kutoka baharini yabebe gramu 35 za chumvi kwa lita, yanayotoka yabebe chumvi ya seli (kisanduku kimoja cha modeli) yenyewe.

5. Upana wa seli usizidi mara nne ya urefu wa mtawanyiko (kipimo cha jinsi chumvi inavyosambaa ikipita kwenye mwamba). Ukiona chumvi hasi, rudi hapa.

6. Endesha bila pampu hadi chumvi itulie, ndipo uwashe visima.

MASWALI

Kip_254: Boss, yangu imekataa. Nisaidie, natakiwa kuwasilisha kesho.
Jibu: Imekataa vipi? Soma hatua ya 4, kisha tuma faili ya matokeo.

Otis: Kwani ukitaka kina cha maji ya chumvi, si unazidisha kimo cha maji matamu mara 40 tu, yaishe?
Jibu: Hiyo ni kanuni ya Ghyben na Herzberg. Inachukulia maji yametulia na mpaka ni mkali kama kisu. Ukiwasha pampu, hayajatulia tena. Nimeiacha kwa makusudi.

Mwanaisha: Mwalimu, kisima changu cha uchunguzi kina chujio meta 30 chini ya usawa wa bahari, na maji yake ni chumvi tupu. Kimo cha maji ni meta 0.20 juu ya usawa wa bahari. Cha jirani, kina hichohicho, ni maji matamu, 0.60. Maji yanakuja kwangu?
Jibu: Swali zuri sana, dada. Badilisha chako: 1.025 × 0.20, ongeza 0.025 × 30, unapata kama 0.96. Kwa kina hicho maji yanatoka kwako kwenda kwa jirani. Umeiona chumvi ikisafiri. Pima pia chumvi kila meta chache ndani ya kisima, pampu ikiwa imezimwa, na uandike saa: wakati wa bamvua bahari ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya meta 3, na visima vya karibu huifuata.

Kip_254: Na urefu wa mdomo wa kisima, nipime kwa simu?
Jibu: Hapana. Simu hukosea kwa meta, nawe unatafuta sentimita. Mpate mpima ardhi mwenye levo (kifaa cha kupimia tofauti za urefu), aanzie kwenye alama inayojulikana urefu wake kutoka usawa wa bahari.